Jinsi ya Kutembelea Banda la Nyama Choma Katika Milima ya Taita Ukitokea Mombasa

Mkazi wa Mombasa anapotajiwa nyama ya kuchoma, aghalabu fikira zake huenda kwenye mishkaki: vipande vidogo vya nyama ya ng'ombe vilivyolazwa katika thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi lililopondwa, vikatungwa vijitini na kupangwa juu ya makaa kando ya njia baada ya swala ya Magharibi. Mteja husimama, huagiza, na kabla hajamaliza kuamkiana na jirani zake huwa ameshapewa sahani yake yenye mishkaki, kachumbari na ukwaju. Banda la nyama choma lililo kando ya barabara ya mlimani haliendeshwi hivyo. Huko mteja hukuta mbuzi ametundikwa, huchagua sehemu aitakayo ingali mbichi, huitazama ikipimwa, kisha huketi akasubiri saa nzima au zaidi ikichomwa kwa chumvi peke yake. Nimepanda milima ya Taita na jamaa zangu mara nyingi, na katika watu niliowasikia wakilalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu au haikuiva, wengi kosa lao lilikuwa la saa. Walifika wamechelewa, wakamharakisha mchomaji, wakala kilichowahi. Kwa sababu hiyo nitaanza na saa, hata kabla ya nyama yenyewe.

Saa ya kuondoka

Hesabu saa zako kwa kuanzia mwisho wa safari. Barabara ya kushuka kutoka Wundanyi, mji ulio juu ya milima ya Taita, ina kona kali, na baadaye, kati ya Voi na Maungu, barabara kuu inapita karibu sana na mbuga za Tsavo ambako ndovu huonekana wakivuka. Si busara kuvipitia vipande vyote viwili gizani. Ukitaka kuwa umeshateremka na kufika Voi kabla jua halijatua, inakupasa uondoke bandani saa kumi alasiri. Ili uondoke saa kumi ukiwa umekula kwa utulivu, ni vizuri nyama iwe mbele yako saa nane. Na ili iwe mbele yako saa nane, inapaswa kuingia motoni saa sita na nusu. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 hivi, na kutoka Voi hadi Wundanyi ni kilomita 40 na ushee, lakini malori ya bandarini huifanya njia hiyo iwe ndefu kuliko inavyosomeka, kwa hiyo tenga saa tano za njiani, na nusu saa ya kuchagua na kupimiwa nyama. Hesabu yote hiyo inakurudisha kwenye saa moja ya asubuhi. Mimi huondoka mara tu baada ya swala ya Alfajiri, na sijawahi kujuta.

Wasio na gari wanaweza kupanda matatu za Voi, kisha wakabadilisha kwa zile ziendazo Wundanyi. Pia iko treni ya abiria iliyoanza kazi mwaka 2017, ambayo safari yake ya kusimama vituo vya kati hupitia Voi; hiyo humwondolea msafiri adha ya malori, ingawa humfunga kwa ratiba yake, na aliyefungwa na ratiba ya kurudi hawezi kuungoja moto kwa raha. Ikiwa utakwenda kwa treni, ni heri ulale Wundanyi au Voi usiku mmoja.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi na ukungu mlimani, na mvua za masika na za vuli huzifanya njia ndogo za udongo kuwa za utelezi. Joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 unazopanda, na Wundanyi iko kwenye meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha Vuria kinafika meta 2,208. Aliyezoea joto la Kongowea achukue sweta, na watoto wachukuliwe mbili mbili, kwa kuwa kukaa saa mbili kwenye benchi la mbao katika upepo wa mlima ni jambo tofauti na kupita tu ndani ya gari.

Njiani

Utapita Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road kabla ya kufika Maungu na Voi. Katika miji hii yote utanusa nyama. Mabanda mengi ya barabara kuu huwahudumia madereva wa malori, watu ambao hawana nafasi ya kungoja, na kwa hiyo nyama huchomwa mapema na kuwekwa pembeni mwa moto ili isipoe. Silaumu utaratibu huo, kwa kuwa unawafaa wenyewe. Ila ukila huko, utafika mlimani umeshiba, na safari yako itakuwa imekwisha kabla haijaanza. Kunywa chai, kula mahamri uliyofungasha nyumbani, uendelee. Mackinnon Road wasafiri wengi Waislamu husimama kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu na kupata maji.

Voi ndipo unapoiacha barabara ya Nairobi na kushika ile iendayo Mwatate na Taveta. Utaona mashamba makubwa ya mkonge ya Mwatate, kisha utapinda kulia na kuanza kupanda. Fungua kioo cha gari hapo. Baada ya kona chache hewa hubadilika, migomba na miparachichi mlimani hubadilishana nafasi na mawe makubwa na mashamba ya matuta, na mbuzi unaowaona wakipandishwa kwa miguu au kwa pikipiki wametoka kwenye nyika kavu uliyoiacha chini. Hili ni jambo la kuelewa mapema: mlima wa Taita ni wa mboga, ndizi, parachichi na mahindi, na mboga zake nyingi huliwa Mombasa. Mifugo mingi ya nyama hulelewa bondeni, katika nyika na maranchi yanayoizunguka milima, ambako mbuzi hula majani ya migunga na vichaka vya ukame. Mbuzi wa namna hiyo ametembea sana, hana mafuta mengi, na nyama yake ina ladha nzito. Inadai moto wa taratibu.

Kulikagua banda kabla ya kuketi

Banda zuri huwa na bucha mbele na jiko nyuma au ubavuni. Usiketi kwanza. Shuka, amkia, kisha tazama nyama iliyotundikwa, na jambo la kwanza unalolitafuta ni muhuri wa mkaguzi. Sheria ya Kenya inataka nyama ya kuuzwa ichinjwe machinjioni na ikaguliwe, na mkaguzi huigonga muhuri wa wino unaoonekana wazi kwenye paja au mgongoni. Wako watu wanaoudharau muhuri huu na kuuona kuwa kazi ya serikali isiyowahusu walaji. Wakumbuke mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007, wakati homa ya Bonde la Ufa ilipowaua watu hapa Kenya, wakiwamo wa maeneo ya Kaskazini Mashariki na Pwani. Ugonjwa ule humpata mtu anayeshika damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, na mkaguzi ndiye anayesimama kati ya mnyama huyo na sahani yako. Nyama isiyo na muhuri usiile, hata kama banda limejaa watu.

Tazama pia mambo madogo. Je, nyama imetundikwa kivulini na ndani ya wavu au kioo, au inapigwa na vumbi la magari? Je, kisu kinachokata nyama mbichi ndicho hicho hicho kinachokatia nyama iliyoiva? Je, yako maji yanayotiririka na sabuni ya kunawa, au ni beseni moja linalozungushwa? Banda lenye sakafu ya udongo linaweza kuwa safi kabisa, na lenye vigae likawa chafu, kwa hiyo tazama mikono ya watu kuliko majengo.

Kwa wasomaji Waislamu, ambao hapa Mombasa ni wengi, liko suala la uchinjaji. Machinjio mengi ya Kenya hutumia wachinjaji Waislamu ili nyama iweze kuliwa na kila mtu, lakini desturi hiyo haikuondolei wajibu wa kuuliza, hasa mlimani ambako wakazi wengi ni Wakristo na nyama ya nguruwe inaweza kuwa inauzwa jirani au kuchomwa kwenye wavu mmoja. Swali hili halimkeri mtu likiulizwa kwa adabu. Mwenye bucha akiwa mtu mzima, mwite mzee au mama. Mchomaji kijana mwite kaka. Sema: "Shikamoo mzee. Samahani, tumetoka Mombasa, nasi tungependa kujua nyama hii imechinjwa na nani, na kama wavu huu huchomewa nguruwe." Nimeuliza hivyo mara nyingi, na mara zote nimejibiwa kwa upole; mara moja mama mwenye banda alinijibu kwamba wavu ule ulikuwa wa wote, akaniashiria banda la upande wa pili wa barabara, akaniambia huko nitakula kwa amani. Mama huyo nilirudi kununua ndizi na parachichi zake, na bado hununua kila ninapopita.

Mutura nao uangaliwe kwa jicho hilo hilo. Ni utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, na mara nyingi hutiwa damu. Mwislamu anajua hukumu ya damu, kwa hiyo asiuchukulie kuwa ni soseji ya kawaida kwa sababu tu umechomwa pamoja na nyama halali. Ukitaka kujua umetiwa nini, uliza kabla haujakatwa.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni nyamapori. Eneo hili linapakana na Tsavo, na yupo anayeweza kukusogelea na kifurushi cha nyama iliyokaushwa, au akakuambia kwa sauti ya chini kwamba ana nyama tamu kuliko ya mbuzi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kali kwa anayekutwa na nyama hiyo, mnunuzi akiwamo. Zaidi ya sheria, nyama hiyo haikupita kwa mkaguzi yeyote, na paa aliyenaswa kwa mtego wa waya hufa kwa mateso makubwa. Kataa, uondoke. Ndiyo sababu nyingine ninayosisitiza mteja achague nyama iliyotundikwa ikiwa na mfupa na umbo linalotambulika, asikubali kuletewa vipande visivyojulikana vilikotoka.

Kuchagua na kupimiwa

Uliza mbuzi amechinjwa lini. Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa chache zilizopita hukakamaa, kwa kuwa misuli hukaza baada ya kifo na huchukua takriban siku nzima kulegea tena. Mombasa hatuna fursa ya kuiacha nyama itundikwe usiku kucha bila friji, maana joto letu huiharibu. Mlimani baridi ya usiku husaidia, na nyama iliyolala usiku mmoja mahali safi penye hewa mara nyingi huwa laini kuliko ile iliyochinjwa alfajiri hiyo. Basi ukiambiwa "hii ni ya leo leo", usione kuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Ikiwa ni ya leo, chukua mbavu, ambazo zina mafuta na nyama nyembamba. Ikiwa ni ya jana na inanuka vizuri, paja ni chaguo la fahari.

Rangi ya nyama ya mbuzi mchanga ni nyekundu yenye kuelekea waridi, na mafuta yake ni meupe. Nyama iliyokoza weusi na mifupa minene huashiria mnyama mzee, ambaye hafai kuchomwa hata kama bei yake ni nafuu. Huyo ni wa supu. Ukibahatika kupata ndafu, yaani mbuzi dume aliyehasiwa na kunoneshwa, mshukuru Mungu, kwa kuwa ndiye aliye bora: ana mafuta ya kutosha na hana ile harufu kali ya beberu. Harufu ya beberu haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Inamisha pua karibu na nyama kabla haijakatwa, na usione haya. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Sehemu nizipendazo nitazitaja kwa mpangilio wa muda wa kuiva. Ini na figo huiva upesi, na hufaa kuagizwa mwanzo ili watoto wapate cha kutafuna wakati wa kungoja. Mbavu huchukua kati ya nusu saa na dakika 45. Mkono wa mbele pamoja na bega huhitaji kama saa moja, na nyama yake iliyoshikamana na mfupa ni tamu mno, kwa maoni yangu ni tamu kuliko ya paja. Paja zima lisilopasuliwa halipungui saa moja na nusu. Shingo iachie sufuria.

Sasa mizani. Nyama hupimwa mbichi pamoja na mfupa, na bei hutajwa kwa kilo. Ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na hupungua kwa kiasi cha robo hadi theluthi moja ya uzito wake. Ukiondoa mifupa, kilo 2 ulizolipia zinaweza kubaki nyama ya kula isiyofika hata kilo moja. Wengi hudhani wameibiwa hapo, wakaanza mzozo usio na msingi. Kwa watu wazima wanne wenye sima na kachumbari, kilo 2 za mbuzi zinatosha. Kwa familia ya watu wanane yenye watoto, kilo 3 na nusu. Hakikisha mshale wa mizani uko kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa, simama mahali unapouona, na uliza waziwazi mambo matatu: kilo ni bei gani, kuchoma kunalipiwa kando au kumo ndani ya bei, na sima na kachumbari ni kiasi gani. Bei iliyokubaliwa kabla ya nyama kuingia motoni haigombewi baada ya kutoka. Ikiwa mtapishana na kundi jingine bandani, omba nyama yako itiwe alama kwa kuchanjwa au kwa kijiti, kwa sababu mapaja yakishakuwa rangi moja hakuna awezaye kuapa lipi ni la nani.

Moto

Hapa ndipo wageni kutoka Pwani wanapoharibu mlo wao. Nyama choma haitaki mwali. Mwali huunguza nje na kuacha ndani kubichi, na mafuta yakidondokea mwali huzalisha moshi mweusi wenye masizi unaoifanya nyama iwe chungu. Mchomaji hodari huwasha makaa, huyaacha mpaka yafunikwe na jivu jeupe, kisha huyatandaza: mengi upande mmoja, machache upande wa pili. Nyama huanzia upande wenye joto ili ipate ngozi, halafu husogezwa penye makaa machache na kuachwa hapo, ikigeuzwa kila baada ya muda na kunyunyiziwa maji ya chumvi. Makaa ya mgunga ndiyo yanayosifiwa, kwa kuwa ni mazito na hudumu. Ukimwona mchomaji ameketi ametulia karibu na wavu, usidhani ni mvivu, anasikiliza mafuta. Mafuta yakilia kwa kelele, joto limezidi. Yakinyamaza kabisa, makaa yamekufa.

Usimwambie aongeze makaa. Usimwambie akate nyama vipande vidogo ili iive upesi, kwa kuwa vipande vidogo vya mbuzi aliyetembea sana, bila papai wala mafuta ya kuvilinda, hukauka kama ngozi ya kiatu. Mwaka fulani tulifika banda moja saa kumi alasiri, tukiwa watu tisa, mvua ikinyesha, na mimi ndiye niliyesisitiza tupewe paja ndani ya nusu saa. Kijana mchomaji alinitazama, akaniambia kwa heshima, "Baba, paja haliwezi." Nikamshurutisha. Akachochea moto, akaligeuza geuza, akatuletea likiwa limeiva nje, na penye mfupa lilikuwa likitoa damu. Tuliwanyima watoto sehemu za ndani, tukala ngozi ya nje, tukashuka gizani katika ukungu na njaa. Kijana yule hakuwa na kosa lolote, na nilipopita tena miezi kadhaa baadaye nilimwomba radhi.

Muda wa kungoja una matumizi yake. Watoto wanaweza kutembezwa sokoni au kwenye njia za mashamba, wenye swala wakaswali Adhuhuri, na mmoja wa watu wazima akabaki karibu na jiko. Kubaki huko ni adabu na pia ni ulinzi wa nyama yenu. Agiza supu ya mifupa, ambayo huwa imechemshwa tangu asubuhi. Kwa kuwa maji mlimani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, mifupa huhitaji muda mrefu zaidi kulainika, na supu inayopikwa kwa haraka huko huwa maji matupu. Onja kikombe kimoja kabla ya kuagiza vikombe vya wote. Keti upande unaotoka upepo, ili moshi uende mbali nawe, na kama banda limeunganishwa na kilabu cha pombe, dereva wenu na asiguse kitu.

Kujua kama nyama imeiva, omba ichomwe kisu hadi kwenye mfupa. Maji yatokayo yakiwa ya waridi au mekundu, irudi motoni. Yakiwa meupe na nyama ikauachia mfupa inapovutwa, iko tayari, lakini iachwe itulie dakika tano hadi kumi pembeni kabla ya kukatwa, la sivyo maji yake yote yatamwagika ubaoni.

Kula

Nyama huletwa juu ya ubao wa mti na kukatwa mbele yenu, chumvi ikiwa kifungu pembeni. Mafuta ya mbuzi huganda upesi sana, na katika baridi ya mlima yanaweza kugeuka meupe kwenye vidole kabla hujamaliza kipande cha tatu. Dawa yake ni kuomba nyama ikatwe mara mbili: nusu ya kwanza iletwe, nusu ya pili ibaki kwenye wavu juu ya makaa yaliyofifia mpaka mtakapoiita. Ni ombi dogo, na limeokoa karamu nyingi. Sima, ambayo huko wataiita ugali, huja ya moto na ngumu kuliko tunavyoizoea, na ndiyo inayofaa kubebea nyama. Sehemu zilizoungua hadi kuwa mkaa zikateni mzitupe.

Kachumbari tazameni imekatwa lini. Ikiwa imelala tangu asubuhi, ombeni nyanya na vitunguu vizima, mvioshe na kuvikata wenyewe. Hakuna banda lililowahi kunikatalia. Mimi hubeba kutoka nyumbani chupa ya ukwaju uliopikwa kwa pilipili, na ndimu chache, kwa kuwa ndimu mlimani hazipatikani kila siku. Mwombe ruhusa mwenye banda kabla ya kuvitoa, kisha mkaribishe aonje. Ila kipande cha kwanza kileni kwa chumvi pekee. Nyama ile imelelewa na majani ya nyika na imeivishwa na moto wa mtu aliyekaa nayo saa nzima, na ukiifunika kwa ukwaju kabla ya kuionja hutaijua ladha yake. Msiwatupie mifupa nyani wanaokaa kandokando ya barabara. Wakizoea, huwashambulia watoto na kuyavamia magari ya watakaokuja nyuma yenu.

Kulipa na kushuka

Mabanda mengi hupokea malipo kwa M-Pesa, lakini mtandao hukatika kwenye mabonde, kwa hiyo chukua pesa taslimu za kutosha mlo mzima. Mchomaji apewe chochote mkononi, kando na malipo ya bucha, maana mara nyingi ni mtu wa ujira tofauti na mwenye duka. Ukimridhia, chukua namba yake kwa idhini yake; safari ijayo utampigia ukiwa Voi, na paja lako litakuwa limeshaingia motoni unapomaliza kona za mwisho.

Unaposhuka tumia gia ndogo na uache injini ishike mwendo, kwa kuwa breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye kona hizo hupata moto na kulegea.

Nyama iliyobaki isifungwe ikiwa ya moto ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi beba bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani, iache nyama ipoe katika hewa ya mlimani, ifunike, na uiweke mbali na jua. Ukianza kushuka joto litapanda kila kilomita, na ni vizuri uwe na kibaridi chenye barafu kwa safari hiyo ndefu. Ukifika Mombasa itie kwenye friji usiku huo huo. Kesho yake ing'oe kutoka kwenye mifupa, kaanga kitunguu na nyanya, mimina tui jepesi pamoja na ukwaju uliobaki chupani, itie nyama ichemke vizuri kwa dakika kumi, kisha umalizie kwa tui zito. Mifupa usiitupe; ichemshe peke yake na tangawizi, maana ule moshi wa mgunga hutoka wote ndani ya supu.